Mtoto wa kupakatwa: uraia, kibali na haki za watoto wa pande mbili za mpaka

Mwezi uliopita nilikuwa saluni Ngaramtoni, foleni ndefu, nywele zangu nusu zimefumuliwa. Mama aliyekuwa kwenye kiti akaanza kueleza shida ya binti yake wa darasa la saba. Mtoto kazaliwa hapa hapa Arusha. Mama ni Mtanzania wa Longido, baba ni Mkenya wa Kajiado aliyesharudi kwao siku nyingi. Sasa kuna mtu kamwambia kwamba mtoto huyo "si wa kwetu" na mbele ya safari atakwama.

Saluni nzima ikageuka mahakama. Msusi akasema mtoto ni wa baba, kwa hiyo huyo ni Mkenya, mjadala umefungwa. Dada aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele akapaza sauti: kazaliwa Tanzania, ana cheti cha kuzaliwa, basi ni Mtanzania, mwacheni mtoto wa watu. Wa tatu akahitimisha kwamba siku hizi Afrika Mashariki ni moja, makao makuu yenyewe yako hapo mjini, uraia wa nini tena? Mama mwenye mtoto alinyamaza tu.

Wote watatu walisema kwa uhakika kabisa. Msusi alikosea. Wa tatu naye alikosea, ila kidogo tu ana pa kushika. Dada wa kwenye mashine alifika kwenye jibu sahihi kwa kupita njia isiyo yake. Na kwa kuwa mazungumzo haya nimeyasikia pia kwenye basi la Namanga, kwenye vikao vya harusi Moshi na mlangoni kwa watendaji wa mitaa, nimeona tuyafumue taratibu, kama zile nywele.

Karatasi tatu zinazochanganywa

Ugomvi mwingi huanzia hapa: watu husema "makaratasi" kana kwamba ni kitu kimoja. Ni vitu vitatu.

Cha kwanza ni usajili wa kuzaliwa, kazi ya RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Cheti cha kuzaliwa kinaeleza jambo moja: mtoto huyu alizaliwa siku hii, mahali hapa, na wazazi hawa. Basi. Mtalii wa Kijerumani akijifungua Moshi baada ya kushuka mlimani, mtoto wake anastahili kusajiliwa na kupewa cheti kama mtoto mwingine yeyote, na bado ni Mjerumani. Cheti ni ushahidi wa tukio. Uraia unaweza kujengwa juu ya ushahidi huo, lakini cheti chenyewe si uraia.

Cha pili ni ukaazi, kazi ya Idara ya Uhamiaji. Hii ni ruhusa ya kukaa, nayo ina tarehe ya mwisho. Mtu mzima anayefanya biashara au kazi hupewa kibali cha ukaazi. Mwenzi wake na watoto wake huingizwa nchini kwa pasi ya mtegemezi. Likumbuke hilo neno "mtegemezi", tutalirudia.

Cha tatu ni uraia. Kibali ni sawa na chumba cha kupanga, unalipia na mkataba unaisha. Uraia ni kuwa kwenu. Hata ukilala sebuleni na mguu juu ya kochi, hakuna wa kukuuliza unaondoka lini.

Mtu mzima anaweza kuwa na moja kati ya hizi akakosa nyingine, na akajua pa kwenda kuuliza. Mtoto hawezi. Hajazi fomu, hasimami foleni, hajui hata kwamba kuna tatizo. Kila karatasi yake inapitia mkononi mwa mtu mzima.

Konda na mtoto wa kupakatwa

Aliyepanda daladala ya Kwa Mrombo saa kumi na mbili jioni anaijua sheria isiyoandikwa: mtoto mdogo halipi nauli, anapakatwa. "Mama, mpakate mtoto, watu wakae." Mtoto yumo garini, anasafiri, lakini kiti hana. Kiti ni cha mama. Mama akishushwa kwa kukosa nauli, mtoto naye kashuka, hata kama hakuna aliyemdai yeye chochote. Halafu kuna siku, mtoto akisharefuka kidogo, konda anamtazama na kusema: "Huyu mbona mkubwa? Nauli yake iko wapi?"

Mifumo ya uhamiaji karibu kote duniani inafanya kazi hivyo. Mtoto anapakatwa na karatasi ya mzazi. Kibali cha baba kikiisha, pasi ya mtegemezi nayo imekwisha. Baba akifukuzwa kazi kwenye kampuni ya utalii iliyomwombea kibali, mtoto anayesoma Njiro anapaswa kuondoka, ingawa mitihani ni wiki ijayo na hajawahi kuishi kokote kwingine. Ndoa ikivunjika, yule aliyeingia kwa jina la mwenzake hajui asimamie wapi.

Sheria za haki za mtoto zinasema kinyume cha hayo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unamtaja mtoto kama mwenye haki kwa nafsi yake: jina, utaifa, elimu, matibabu, kutotenganishwa na wazazi bila sababu nzito. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 unasema hivyo hivyo. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 imeyaingiza haya nyumbani. Mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, ana haki ya jina na utaifa, na ni marufuku kumbagua kwa sababu ya kabila, kuzaliwa kwake au hata kuwa kwake mkimbizi. Katika uamuzi wowote unaomgusa, maslahi bora ya mtoto ndiyo yanayotakiwa kutangulia.

Kwa hiyo kuna sheria mbili ndani ya gari moja. Ya watoto inasema huyu ana kiti chake. Ya uhamiaji inasema huyu kapakatwa. Kila mgogoro utakaousikia kuhusu watoto wahamiaji, awe Namanga au London, ukiuchimba utakuta ni hizo sheria mbili zinagongana.

Je, ukizaliwa hapa wewe ni wa hapa?

Tumrudie dada wa kwenye mashine. Ukisoma kifungu cha 5 cha Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 kwa macho ya kawaida, utaona ana hoja. Kinasema kila aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano, 26 Aprili 1964, ni raia wa kuzaliwa, isipokuwa wachache kama watoto wa mabalozi. Hakuna mahali kifungu hicho kinapodai mzazi awe raia.

Utendaji ni kitu kingine. Uhamiaji huhesabu mtu kuwa raia wa kuzaliwa pale ambapo angalau mzazi mmoja alikuwa raia wa Tanzania. Pengo kati ya maandishi na utendaji limezoeleka mno kiasi kwamba watu wengi, pamoja na baadhi ya wanasheria, hawajui kama lipo. Mimi binafsi naona Bunge lingeandika wazi linachokitaka, kwa sababu pengo la namna hii humwachia afisa mmoja mezani kazi ya kutunga sheria.

Kuna mfano mkubwa wa pengo hilo. Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbilia Tanzania wakawekwa kwenye makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Watoto wao walizaliwa hapa, wakasoma hapa, wakaoa hapa, wengine wakapata wajukuu hapa, na miaka yote hiyo walihesabiwa kuwa wakimbizi. Mwaka 2014 watu wapatao 162,000 kati yao walikamilishiwa uraia wa tajnisi, yaani ule wa kuomba na kupewa. Ni jambo ambalo nchi chache duniani zimewahi kulifanya kwa idadi hiyo, na tunastahili sifa. Lakini angalia: mtu aliyezaliwa Mishamo mwaka 1980 alilazimika kuomba uraia wa nchi ambayo hakuwahi kutoka.

Kwa mtoto wa saluni jibu ni jepesi. Kazaliwa Tanzania na mama yake ni raia. Kwa maandishi ni raia, kwa utendaji ni raia.

"Mtoto ni wa baba"

Msusi wetu hakuzusha. Kwa mila nyingi za kwetu, Wachaga, Wamasai, Wameru na Waarusha, ukoo unafuata baba, na sheria ya uraia ya zamani nayo ilimtazama baba kwa mtoto aliyezaliwa nje ya nchi. Ila ukoo si uraia. Tangu sheria ya 1995, mtoto anayezaliwa nje anarithi uraia kwa baba au kwa mama, kwa masharti yale yale. Dada wa Marangu aliyejifungulia Muscat amebeba uraia wa mwanawe sawasawa na kaka yake angebeba wa wake.

Kuna ukomo, na huu ndio unaoumiza familia za diaspora. Uraia wa kurithi unakwenda kizazi kimoja. Mtoto aliyezaliwa Houston kwa mama mzaliwa wa Moshi ni Mtanzania wa kurithi. Mtoto huyo naye akija kuzaa huko huko, mjukuu hapati kwa njia hiyo.

Mahali ambapo usawa bado haujafika ni kwa wenzi. Mwanamke wa nje aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba kuandikishwa kuwa raia kwa sababu ya ndoa. Mwanamume wa nje aliyemwoa Mtanzania hana mlango huo. Anapita njia ndefu ya tajnisi kama mgeni mwingine yeyote. Utasema hayo ni ya wakubwa, yanamhusu nini mtoto? Chukua nyumba ya muongoza watalii wa kike, ameolewa na Mfaransa waliyekutana kazini, wana watoto wawili Watanzania. Kibali cha baba kikikwama, watoto wana haki zote za kubaki nchini, na baba hana. Hapo hata hajafukuzwa mtoto, lakini haki yake ya kulelewa na wazazi wote wawili imeshapata ufa.

Na mtoto mwenye nchi mbili? Katiba ya Kenya ya 2010 inasema mtoto ni raia wa kuzaliwa iwapo mama au baba ni Mkenya, awe amezaliwa Nairobi au Ngaramtoni. Kwa hiyo binti wa saluni ni Mtanzania na ni Mkenya pia kwa sasa. Kenya inaruhusu uraia pacha. Sisi tunauvumilia utotoni tu: akitimiza miaka 18, sheria yetu inamtaka aukane ule mwingine, la sivyo anaupoteza wa Tanzania. Wapo vijana ambao hawakuambiwa jambo hili na mtu yeyote hadi walipokaa mbele ya dirisha la pasipoti.

Jumuiya na mpaka wa Namanga

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Imeleta mengi ya maana. Mkenya au Mganda anaingia Tanzania bila viza na anaweza kupewa hadi miezi sita. Mwanafunzi kutoka nchi mwanachama ana utaratibu wake wa pasi. Mfanyakazi mwenye mkataba anaruhusiwa kuja na mwenzi na watoto wake. Hapo ndipo yule wa tatu pale saluni ana pa kushika.

Lakini Itifaki inazungumzia kutembea, kufanya kazi na kuishi. Haijaunda uraia wa Afrika Mashariki. Miezi sita ni miezi sita, na mtoto wa mfanyakazi kutoka nchi mwanachama bado ni mtegemezi. Kapakatwa kwenye gari zuri zaidi, ila kapakatwa.

Simama Namanga siku ya soko uone ugumu wake. Tangu kituo cha pamoja kizinduliwe Desemba 2018, msafiri anamaliza mambo ya nchi mbili kwenye jengo moja. Wakati huo huo, hatua chache kutoka hapo, wachungaji wanapita porini kama babu zao walivyopita kabla mtu yeyote hajachora mstari kwa rula kutoka baharini hadi ziwani, akaupinda kidogo Kilimanjaro ibaki upande huu. Mtoto wa Kimasai anaweza kuzaliwa upande mmoja kwa sababu zahanati iko karibu, akalelewa ng'ambo kwa bibi, akaanza shule upande ambao mwaka huo una maji. Rombo ni hivyo hivyo: Tarakea na Loitokitok, Holili na Taveta, ni majirani wanaozikana. Akifika sekondari na kuulizwa "wewe wa wapi?", jibu lake la kweli halina nafasi kwenye fomu.

Mtoto asiye na kokote

Hadi hapa tumezungumzia watoto wenye nchi mbili au wenye nchi ambayo haijathibitishwa. Kuna wa tatu: asiye raia wa nchi yoyote. Mkataba wa Afrika una kipengele kizuri mno juu yake. Unazitaka nchi zihakikishe kwamba mtoto aliyezaliwa kwenye ardhi yao anapata uraia wao ikiwa hakuna nchi nyingine inayompa. Kenya imekwenda mbali zaidi kwa mtoto wa kuokotwa: katiba yao inamchukulia mtoto anayeonekana kuwa chini ya miaka minane, ambaye utaifa wake haujulikani, kuwa raia wa kuzaliwa. Nane! Maana mtoto wa miaka saba anaongea, anajua jina lake, na bado hawezi kujitetea.

Kenya hiyo hiyo ndiyo iliyoshitakiwa kwa watoto wa Kinubi. Mababu zao waliletwa kutoka Sudan na jeshi la Waingereza, wakakaa Kibera vizazi na vizazi. Watoto wao walisajiliwa kwa shida, na kijana alipofika miaka 18 alihojiwa upya kama kweli ni Mkenya, hatua ambayo makabila mengi hayakuwekewa. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba haki zao zimevunjwa. Hoja iliyonishika mimi ni ile ya muda: haki ya uraia ni ya mtoto akiwa mtoto. Huwezi kumwambia asubiri miaka 18 ndipo aambiwe ni wa wapi, kwa sababu shule, chanjo na matibabu vinatakiwa ndani ya miaka hiyo hiyo.

Wamakonde wa Kwale, huko huko Kenya, walipitia hayo hayo. Wazee wao walikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, wajukuu wakabaki bila vitambulisho, hadi walipotembea kwa miguu kuelekea Ikulu ya Nairobi mwaka 2016 na serikali ikawatambua. Wapemba wa pwani ya Kenya wakafuata 2023. Ni ndugu zetu hao. Tunapowaonea huruma tukumbuke kwamba na kwetu hapa mtu anaweza kuambiwa jina lake halisikiki Kitanzania.

Na kesi inayosomwa sana juu ya jambo hili iliamuliwa hapa hapa Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Barabara ya Dodoma. Anudo Ochieng Anudo alikuwa na cheti cha kuzaliwa, kadi ya mpiga kura na pasipoti ya Tanzania. Mwaka 2012 alikwenda polisi Babati kushughulikia taratibu za ndoa yake, pasipoti ikachukuliwa kwa madai kwamba uraia wake una mashaka. Mwaka 2014 alipelekwa Kenya, Kenya ikamrudisha, akaishia kuishi kwenye kipande cha ardhi kati ya nchi mbili, Sirari. Machi 2018 Mahakama iliamua kwamba serikali ilikiuka haki zake. Kanuni iliyowekwa ni hii: mtu akiwa na nyaraka ambazo dola yenyewe ilimpa, anayedai si raia ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha.

Yeye alikuwa mtu mzima, aliyeweza kuandika barua na kutafuta wanasheria. Weka mtoto wa miaka tisa mahali pale. Kwa bahati mbaya mlango wenyewe umepungua upana, kwani Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kufungua kesi moja kwa moja kwenye mahakama hiyo, mahakama ambayo unaweza kuifikia kwa daladala.

Wanaopita tu

Kila baada ya muda tunasikia redioni: wahamiaji haramu kutoka Ethiopia wamekamatwa Kilimanjaro au Arusha, wamefungiwa kwenye lori, wanaelekea Afrika Kusini. Picha ikitoka, tazama nyuso. Wengine ni vijana wadogo kabisa.

Watu husema aliyeingia bila karatasi amevunja sheria, basi hana haki. Neno "haramu" linatuponza. Kitendo kinaweza kuwa kinyume cha sheria, mtoto hawezi kuwa haramu. Sheria ya Mtoto hairuhusu mtoto kuhukumiwa kifungo. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu inamtazama aliyesafirishwa kama mhanga. Na mwaka 2017 kamati mbili za Umoja wa Mataifa, ya haki za mtoto na ya wafanyakazi wahamiaji, zilitoa tafsiri ya pamoja kwamba kumfungia mtoto kwa sababu tu ya hadhi yake ya uhamiaji, au ya wazazi wake, hakuwezi kamwe kuwa kwa maslahi yake bora.

Ugumu uko kwenye utekelezaji, nao ni wa kawaida sana: anayekamata ni askari, na mwenye ujuzi wa watoto ni afisa ustawi wa jamii, ambaye pengine yuko mmoja kwa wilaya nzima. Kijana hana cheti, anasema ana miaka 16, anaonekana 20, haongei Kiswahili. Nani aamue? Ikiwa mfumo unamhesabu mkubwa hadi athibitishe vinginevyo, atalala na wakubwa. Ikiwa unamhesabu mtoto hadi ithibitike vinginevyo, atapelekwa mahali pengine usiku ule ule.

Na watoto wetu kwenye nchi za watu

Tusidhani makonda wako Afrika peke yake. Machi 2024 Uingereza ilizuia wafanyakazi wapya wa kutunza wazee na wagonjwa kuambatana na watoto wao. Mama wa Himo aliyekwenda kabla ajira hizo hazijafungwa kwa watu wapya wa nje, Julai 2025, aliruhusiwa kumwosha na kumlisha bibi wa Kiingereza, ila mwanawe abaki kwa bibi yake mwenyewe, Himo. Hakuna sheria inayosema "tunawatenganisha". Kila karatasi ilifuatwa, na mtoto kabaki na simu ya video.

Marekani ilifanya waziwazi zaidi. Mwaka 2018, kwa sera ya kumshitaki kila aliyevuka mpaka wa kusini bila kibali, watoto zaidi ya 2,000 walitenganishwa na wazazi wao kwa muda wa wiki chache tu: mzazi akipelekwa mahabusu, mtoto hawezi kumfuata, basi akahesabiwa kama aliyefika peke yake. Umeona mtego? Walimshusha mama garini, kisha wakamuuliza mtoto mbona umepanda bila mtu. Marekani, kwa taarifa yako, ilitia saini Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1995 na hadi leo haijauridhia. Hata hivyo ni mahakama yake ya juu kabisa iliyoamua mwaka 1982 kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto shule ya umma kwa sababu hana karatasi. Nchi hiyo moja ina hayo yote mawili.

Hata waliocheza bahati nasibu ya green card, kibali cha kuishi Marekani, kwenye steshenari zetu za mjini walikutana na hili. Kanuni yake imekuwa kwamba mwombaji aandike watoto wake wote wasio na ndoa walio chini ya miaka 21, hata wasiokusudia kusafiri. Kaka mmoja akaona aibu kumwandika mtoto aliyempata kabla ya ndoa. Kwa kuwa mtoto alifichwa kwenye fomu, safari ya wote ikafutwa.

Kushushwa pakatoni

Kwa miaka mingi mtoto asiye na karatasi anaweza kuishi bila mtu kugundua. Anasoma, anacheza chandimu, anaimba kwaya. Mambo hubadilika karibu na miaka 18. Hapo ndipo kinapotakiwa kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA. Mkopo wa elimu ya juu ni wa Watanzania na unadai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa. Pasipoti inadai cheti chako na uthibitisho wa kuzaliwa wa mzazi. Yaani unapofikia umri wa kujitegemea, unaulizwa karatasi ambazo wakubwa walipaswa kuzitafuta ukiwa mchanga.

Foleni ya saluni ilipofika kwangu, nilimuuliza yule mama ana nini mkononi. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba cheti alikuwa hana kabisa, dada wa kwenye mashine alijisemea tu. Alichokuwa nacho ni lile tangazo la kizazi alilopewa hospitali, limekunjwa mara nne kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki. Usajili wa kawaida unatakiwa ndani ya siku 90. Yeye alikuwa amechelewa miaka 13. Bado unawezekana, ila kwa mtoto aliyevuka miaka kumi RITA huuliza zaidi: kadi ya kliniki, nyaraka za shule, uthibitisho wa mzazi.

Tukalifunua tangazo. Jina la mtoto lilikuwa sawa. Jina la mama lilikuwa limeandikwa kwa herufi moja tofauti na lilivyo kwenye kitambulisho chake cha NIDA, na mahali pa uraia wa mama palikuwa wazi, muuguzi hakujaza. Mama alikuwa amepanga kwenda Uhamiaji Jumatatu kuomba mwanawe "apewe uraia". Msusi, ambaye sasa alikuwa upande wetu, akamwambia aanze RITA, na kabla ya RITA apitie kwa mwanasheria akaape kiapo cha lile jina. Akamfungia zile karatasi kwenye nailoni, akaongeza fundo la pili, kwa sababu nje mvua ilikuwa imeanza.